Vicheko vya Bwaloni

Vijana wangu, kulikuwa na msichana mmoja aliyejaliwa ulimi wa kasuku. Alisoma kidato cha pili katika shule ya bweni ya wasichana kule nyanda za juu, mahali ambapo asubuhi ukungu huingia darasani kabla ya mwalimu. Jina lake Tusekile. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mkia, netiboli ilimshinda, na kwenye kwaya aliimba kama wengine tu. Lakini mtu yeyote akiongea mbele yake kwa muda wa kumenya kiazi kimoja, Tusekile aliweza kukurudishia mtu huyo mzimamzima: sauti yake, kikohozi chake, hata anavyovuta pumzi kabla ya kusema uongo.

Alimwigiza mkuu wa shule akitangaza kwamba sukari imekwisha. Alimwigiza matroni akihesabu mablanketi na kupoteza hesabu. Aliigiza hata lori la kuni likipanda kilima cha jikoni, linavyokohoa, linavyozimika, na dereva anavyomwomba Mungu kwa lugha ya kwao. Wasichana walicheka mpaka wakashika mbavu. Siku moja matroni alimfumania katikati ya maigizo, akasimama mlangoni mikono kiunoni, na wote wakadhani leo kumekucha. Mama yule alitazama mpaka mwisho, kisha akaondoka akijifuta machozi ya kicheko kwa pembe ya khanga.

Msiwe wepesi kumlaumu. Shule ile ilikuwa na baridi ya kung'ata masikio, maharage yake yalikuwa na wadudu, na nyumbani kulikuwa mbali. Pale, kicheko kilikuwa blanketi la pili. Nani kati yetu angemchukia mtu anayegawa mablanketi?

Basi muhula wa pili ukafunguliwa, na ukaja na mgeni.

Mgeni huyo aliitwa Nyangeta. Alitoka upande wa ziwani, mbali kweli, na mjomba wake ndiye aliyemtafutia nafasi pale kwa kuwa shule ilisifika kwa hisabati na binti alikuwa na kichwa cha hisabati. Siku ya kwanza mwalimu wa darasa akamwita mbele ajitambulishe. Akasimama wima, sweta lake jipya likiwa bado na mikunjo ya dukani, akasema kwa sauti ya mtu asiyekuwa na wasiwasi wowote:

"Mimi naitwa Nyangeta. Nimetoka mbari sana. Nyumbani tunavua samaki na kurima mihogo. Ninapenda hesabu, kuimba, na kura wari."

Kwao, wapendwa, herufi l haina ajira. R hufanya kazi za zote mbili, na watu wanaelewana vizuri kabisa. Wanachumbiana, wanauziana ng'ombe, wanazikana, na hakuna anayepotea njia. Lakini darasa lile halikuwa la kwao. Naona hata hapa mbele kuna waliofunika midomo kwa viganja. Haya. Darasa lote lililipuka. Mwalimu aligonga meza akataka kimya, ila aliugeukia ubao haraka mno, mabega yakamtikisika, na akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua.

Nyangeta alicheka pamoja nao. Alidhani ndivyo watu wa nyanda za juu wanavyowakaribisha wageni.

Mchana ule, kwenye foleni ya chakula, msichana mmoja alimgeukia Tusekile akamwomba awaigizie mgeni. Tusekile hakukaa kufikiri. Ungemwambia samaki afikiri kabla ya kuogelea? Alinyoosha mgongo, akainua kidevu, na sauti ya Nyangeta ikatoka kinywani mwake, safi, na mihogo yake na wari wake. Foleni ilivunjika. Kuna walioangusha sahani. Tusekile mwenyewe alijua kwamba katika kazi zake zote, za mkuu, za matroni, za lori, hiyo ndiyo bora.

Kuanzia siku ile aliombwa hiyo tu. Lori la kuni likasahaulika. Nyangeta akapewa jina, Kurawari, na jina likamtangulia kila alikokwenda. Na wale wasiojua kuigiza nao wakajaribu, maana ndivyo ilivyo: akitokea fundi mmoja, hufuata mafundi uchwara kumi. Kwenye mabomba ya maji, mtu anamuuliza kama amekuja kuoga au kurara. Darasani, akiinua mkono, kuna mtu nyuma anaanza kukoroma herufi r kama pikipiki.

Mwanzoni Nyangeta aliendelea kucheka nao. Baadaye akawa anatabasamu tu. Baadaye akaanza kufanya jambo ambalo nataka mlijaribu wenyewe mkifika nyumbani: akaanza kuchagua maneno yasiyo na ile l. Jaribuni. Ombeni chakula. Ulizeni swali. Agizeni kwamba mlango ufungwe. Semeni kwamba mnakwenda kulala. Lugha hii yetu, ukiitoa herufi hiyo moja, inabaki kama kitanda kisicho na miguu. Nyangeta aliona hivyo, akaamua kwamba njia rahisi ni kunyamaza. Akitaka chumvi, alinyoosha kidole. Jibu la hesabu alilijua, lakini aliliandika kwenye daftari lake akatulia, huku mwenzake akinyoosha mkono na kutoa jibu lisilo sahihi.

Tusekile aliliona hilo, lakini aliliona kama mfanyabiashara anavyoona ghala limepungua. Mgeni hasemi, basi nitapata wapi maneno mapya? Watu wameshachoka na wari. Kwa hiyo jioni moja akamfuata Nyangeta kwenye mabomba ya maji, akakaa kando yake, akaanza kumuuliza habari za nyumbani. Samaki wanakaushwaje? Ziwa likichafuka watu hufanya nini? Ana wadogo wangapi?

Na Nyangeta, ambaye alikuwa na njaa ya kuongea kuliko njaa ya ugali, akafunguka. Akamweleza habari za baba yake anayeimba akishona nyavu. Akamweleza mdogo wake wa mwisho, aliyetumbukia kwenye karai la samaki akatoka ameshika mmoja mkononi, anacheka. Tusekile alisikiliza. Alisikiliza jinsi msichana yule anavyonyanyua mwisho wa sentensi kama mtu anayenyanyua ndoo, jinsi anavyosema "ee" kwanza kabla ya kukubali jambo, jinsi anavyopunguza sauti akimtaja mama yake.

Wakati wa chakula cha jioni ile, Nyangeta akiwa amekaa na sahani yake, alisikia upande wa pili wa bwalo sauti yake mwenyewe ikimsimulia mdogo wake na karai la samaki. Meza nzima ilikuwa imelala kwa kicheko.

Nawauliza, vijana: ni nani katika shule ile aliyemsikiliza Nyangeta kwa makini kuliko Tusekile? Hakuna. Lakini rafiki akichungulia dirishani kwako anataka kujua kama upo. Mwizi naye huchungulia dirisha hilohilo.

Tangu hapo Nyangeta akafunga mdomo kabisa, hata mbele ya Tusekile.

Ikafika Jumapili ya wageni, ile ambayo wazazi huja na vikapu na shule nzima hunukia vitumbua. Nyangeta hakutarajia mtu. Kwao ni safari ya kupanda boti na mabasi na kulala njiani, na nani angeacha nyavu na mihogo kwa ajili ya Jumapili moja? Kwa hiyo baada ya ibada alikwenda darasani, akakaa peke yake na hesabu zake.

Nyuma ya jiko, kwenye mabomba, kundi la wasichana ambao wageni wao walikuwa bado hawajafika lilikuwa linaosha sahani. Tusekile alikuwa katikati, amesimama juu ya ndoo iliyofunikwa, anatoa igizo jipya: Nyangeta akimwelezea mama yake maisha ya shule. Lilikuwa refu, na lilikuwa zuri, Mungu anisamehe kwa kusema hivyo. "Ee, mama, hapa mabranketi ni mengi, rakini baridi nayo imesajiriwa kidato cha piri." Sahani zilielea kwenye beseni, hakuna aliyekuwa anaosha.

Sasa, upande wa pili wa ukuta ule alikuwa anapita mama mmoja. Ametoka getini, ameelekezwa njia na mlinzi, na amepotea. Kichwani ana mfuko wa samaki wa kukausha, mkononi viatu, maana vimembana safari nzima. Mama yule akasikia sauti. Akasimama. Akakata kona karibu mbio, akamkuta msichana amempa mgongo, akautua mfuko, akamkumbatia kwa nyuma kwa nguvu zake zote.

"Mwanangu," alisema.

Tusekile aligeuka. Mama akamtazama usoni, akaona siye, akamwachia. Ungetegemea aone aibu. Badala yake uso wake ulizidi kung'aa.

"Siye mwanangu, rakini ni wa kwetu," akasema. "Ee, wewe ni wa kwetu kabisa."

Akamshika mikono yote miwili. Akamsalimu kwa lugha ya nyumbani kwao, maneno mengi, ya haraka, yenye furaha. Tusekile hakuambulia hata moja. Wasichana wote walikuwa wanamtazama. Kama angejibu kwa sauti yake mwenyewe, mama angejua papo hapo alichokuwa akifanya juu ya ndoo ile. Mtu aliyezoea kuwa na sauti ya kila mtu, siku ile alitafuta sauti moja ya kumwokoa akaikuta ni ile ile ya wizi.

Akasema, kwa lafudhi ya Nyangeta, kwamba alilelewa na watu baki, mbali na ziwa, na lugha ya nyumbani ameipoteza. Shikamoo, mama.

Mama akampa pole kana kwamba amemweleza msiba. Akakaa chini kwenye ukingo wa mabomba, akamkalisha Tusekile kando yake, akafungua mfuko, akamega samaki kwa vidole vyake na kumtia kinywani, kama unavyomlisha mtoto aliyetoka kuumwa. Huku akimwambia wasiwasi wake wote wa njiani. Alikuwa amesikia kwamba huku juu watu wanawacheka wenye ndimi ngeni. Baba yake binti alisema hayo ni maneno ya watu, lakini mama hakuridhika, akapanda boti.

"Njia nzima nirikuwa naomba neno moja tu," alisema. "Mwanangu apate hata mtu mmoja wa kuongea naye. Kumbe Mungu arishajibu kabra sijapanda basi."

Na wale wasichana wa sahani? Mmoja alikumbuka kazi bwenini. Mwingine akakumbuka kwamba mgeni wake huenda amefika. Sahani moja moja zikaondoka na wenyewe, kimya, mpaka Tusekile akabaki peke yake na mama, kinywa kimejaa samaki ambaye hakuweza kummeza.

Mama akauliza kama binti yake hula vizuri. Tusekile akasema hula. Akauliza kama bado ni mwongeaji. Nyumbani, alisema mama, wanamwita redio: ukiizima jikoni, utaikuta inawaka uani. Alicheka akisema hivyo. Tusekile alijaribu kukumbuka lini alimsikia Nyangeta akiongea kwa mara ya mwisho, akakosa. Aliijua sauti ile kuliko mtu yeyote shuleni, na hakukumbuka ni lini ilizimika. Ni yeye aliyekuwa akiisema siku zote hizo. Nyangeta mwenyewe hakuwa anaisema tena.

Hapo ndipo Nyangeta alipotokea kwenye kona ya jiko. Mlinzi alikuwa amemtafuta.

Alimwona mama yake, na miguu ikataka kukimbia. Kisha akamwona aliyekaa kando ya mama yake, akila kutoka mkononi mwa mama yake. Na akasikia sauti iliyokuwa ikimjibu mama yake. Miguu ikasimama.

Mama alisimama, akamkumbatia, akamzungusha, akamkagua kama amekonda. Kisha akamlaumu kwa kutomwambia kwamba ana ndugu shuleni. Akauliza, huyu ni rafiki yako?

Jaribuni kuvaa viatu vya binti yule. Neno moja tu lingetosha. Mama yule aliyemlisha mwizi angesimama, na Tusekile angekwisha mbele ya ukuta ule. Nani angemlaumu? Mimi nisingemlaumu. Tusekile mwenyewe aliinamisha kichwa akisubiri.

Nyangeta alimtazama, akamgeukia mama yake. Halafu akasema:

"Ndiyo, mama. Hapa hakuna anayenisikiriza kuriko yeye."

Mama alifurahi mpaka akapiga vigelegele peke yake nyuma ya jiko la shule. Wakakaa watatu mchana kutwa. Mama alisimulia habari za nyumbani, mdogo mtu ameanza kutembea, mihogo imezaa, na Nyangeta akaanza kuongea, kidogo kidogo kwanza, kisha kwa wingi, na Tusekile akawa anaitikia kwa lafudhi aliyoivaa asubuhi na sasa hawezi kuivua. Ilimbana kuliko viatu vya mama yule. Saa ya basi ilipofika, akambebea mfuko mtupu hadi getini.

Basi lilipoondoka, Tusekile alirudi kwenye sauti yake. Akamuuliza Nyangeta kwa nini hakumwambia mama yake ukweli.

"Mama amerara njiani aje kuniona," Nyangeta alijibu. "Nirisema uongo kwa ajiri yake, siyo yako. Nirichosema kuhusu wewe, sasa kiko mikononi mwako."

Tusekile akamwomba msamaha. Aliomba vizuri, bila kujitetea. Nyangeta akamwambia hajui kama ataweza leo. Akaenda zake bwenini, na Tusekile akabaki getini na mlinzi.

Jioni, bwalo lilijaa. Habari ilikuwa imeenea kwamba mama yake Kurawari amekuja pekupeku, amemkumbatia mtu siye, na wale waliokimbia na sahani zao ndio waliokuwa wa kwanza kuisimulia. Tusekile alipoingia tu, meza zikaanza kugongwa. Walimtaka aigize mama. Mwalimu wa zamu, ambaye alikuwa yule yule wa kikohozi cha ubaoni, alikuwa amekaa na kikombe chake cha chai, naye akageuza kiti kidogo ili aone vizuri. Nyangeta alikuwa meza ya mwisho, macho kwenye sahani.

Tusekile akapanda juu ya benchi. Bwalo likatulia kwa ile raha ya kusubiri.

Kwanza aliigiza kicheko kimoja, chembamba, cha kupanda juu, kama kuku aliyetoka kutaga. Kila mtu alikijua, kilikuwa cha kiranja wa bweni. Bwalo likacheka, kiranja naye akacheka, na kicheko chake kilitoka vilevile, ikawa raha mara mbili. Tusekile akaendelea. Akaigiza yule anayejizuia mpaka analipuka kama mfuniko wa sufuria. Akamwigiza yule asiyetoa sauti ila anawapiga makofi walio kando yake. Akamwigiza yule anayeuliza "nini, nini?" na kucheka kabla hajaambiwa. Kila aliyesikia chake alicheka mwanzoni, kisha akapunguza, kisha akanyamaza, maana kicheko chako ukikisikia kwenye kinywa cha mwingine unagundua hakina sura uliyodhani. Akamwigiza matroni. Akageuka ukutani, mabega yakatikisika, na akakohoa kikohozi kisicho cha mafua. Mwalimu wa zamu alikiweka kikombe mezani.

Mwisho aliigiza mtu ambaye hakuwahi kumwigiza. Alinyoosha shingo, akakodoa macho huku na huku, akangoja, kama kuku anayesubiri kutupiwa mahindi. Ilichukua muda bwalo kutambua kwamba huyo ni Tusekile mwenyewe, anavyosubiri wacheke.

Akasema kwa sauti yake:

"Hivi ndivyo Nyangeta anavyotusikia. Leo mama yake amenilisha kwa mkono wake akidhani mimi ni rafiki ya mwanawe. Sauti ya Nyangeta siichukui tena. Anayeitaka, amwombe mwenyewe aongee."

Akashuka.

Wengine walitazama sahani, wengine walitazama dari. Ndipo kutoka meza ya mwisho kikasikika kicheko ambacho hakuna hata mmoja pale aliyekitambua. Kilikuwa kinene, cha chini, cha kumwaga maji. Kilikuwa cha Nyangeta. Alikuwa amejaribu kukizuia na kimemshinda.

"Cha matroni umekosea," alisema mbele ya bwalo zima. "Yeye huanza na pua, harafu mabega, sauti inakuja mwisho kabisa."

Matroni alikuwa pale pale anagawa ugali. Alijitahidi. Mungu ni shahidi kwamba mama yule alijitahidi. Lakini kikaanza puani, kikaja mabegani, na mwiko ukamponyoka kabla sauti haijatoka. Bwalo zima likaanguka. Safari hii hakuna aliyeicheka herufi. Walicheka kwa sababu Nyangeta alikuwa amesema kweli, na matroni alicheka kuliko wote.

Sitawadanganya kwamba kesho yake wasichana wale wawili waliamka marafiki. Msamaha si maji ya bomba. Ilipita sehemu nzuri ya muhula kabla Nyangeta hajaenda kukaa kando ya Tusekile, bila kuitwa, na kumsimulia mwisho wa ile hadithi ya mdogo wake na karai, ambayo alikuwa hajaimaliza. Tusekile alisikiliza, na hakuipeleka kwa mtu yeyote. Mwalimu naye alimwita Nyangeta ubaoni afundishe hesabu moja iliyowashinda wote, na aliyeanza kukoroma nyuma aliambiwa atoke nje akakoromee huko. Mama alipokuja tena, Tusekile alimsalimu kwa sauti yake ya kuzaliwa, akamweleza yote, hakuacha hata ndoo aliyosimamia. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Basi samaki wangu wariingia mahari paripokuwa na njaa," akafungua mfuko mwingine.

Sasa najua mnachowaza. Mnawaza, Mchungaji leo anawasema wenye kuigiza wenzao. Na kila mmoja wenu ameshamtafuta kwa macho yule mmoja wa mtaani kwake, yule fundi wa maneno, akasema moyoni: sikia, ujumbe wako huo.

Sikuja kwa ajili yake.

Tusekile alikuwa mmoja tu. Bwalo lilikuwa na wasichana mamia. Toeni vicheko vyao, Tusekile anabaki mtu anayeongea peke yake juu ya ndoo. Nani alimfanya fundi wa kitu kile? Nani aliomba igizo hilo kila jioni mpaka lori la kuni likasahaulika? Na mama alipokata kona, nani aliondoka na sahani yake safi, akajiambia mimi sikusema neno? Ni kweli, hakusema neno. Nyangeta hakunyamazishwa na maneno. Alinyamazishwa na vicheko.

Sisi ndio wale, wapendwa. Nawaambia na wazazi mliokaa nyuma, na sisi wenye kanzu hapa mbele. Sisi hatumpigi mtu. Hatumtukani mwenye ngozi tofauti, wala mwenye mguu mmoja, wala mwenye kigugumizi, wala aliyetoka kabila ambalo tuna vichekesho vyake. Tunacheka tu. Halafu tunanawa mikono tunakwenda kula.

Na Mungu, aliyeufinyanga kila ulimi kwa namna alivyotaka, hakuwahi kusikia sala akasema rudia, umekosea herufi.

Kesho ni Jumatatu. Mtakwenda shuleni, sokoni, kazini. Kabla jua halijawa kali, mtu mmoja atafungua kinywa chake na neno litatoka limepinda. Mwingine kando yake atatabasamu, atavuta pumzi, na kabla hajaanza atatutazama sisi. Wachunguzeni, hakuna hata mmoja anayeanza kabla ya kutazama. Anatafuta ruhusa, na ruhusa hiyo iko kwenye nyuso zetu.

Basi kesho, akitutazama, atakuta uso gani?